Kopo la Ulanzi Katika Hodhi

Asubuhi ile kilima kidogo kilikuwa kimeshuka.

Nilidhani ni macho yangu. Nikafuta kioo cha mashine kwa kiwiko cha sweta, nikaiwasha upya, nikausubiri ule mwanga usioonekana upite ndani ya hodhi ya mdogo wangu Egidi na kurudi. Ukarudi na habari ile ile. Kwenye mchoro wa kioo kilima kikubwa kipo, kimesimama kama siku zote. Kilima kidogo cha pembeni yake kimelala, umebaki mgongo tu.

Mimi ni Fausta Kalinga, na kazi yangu katika Nyumba ya Kungojea ni kuviangalia vilima hivyo viwili. Tuna hodhi arobaini huku juu Kipengere, na ndani ya kila hodhi amelala mtu mwenye kutu ya mapafu, ugonjwa ambao dawa yake tunaambiwa kila mwaka kwamba iko karibu. Hawajafa. Wamelazwa ndani ya kimiminika cha chumvi, na tafadhali usiniambie maji ya chumvi, maana hilo ndilo neno linalonikera kuliko yote. Ni chumvi yenyewe, iliyo majimaji bila tone la maji. Haichemki, haikauki, haitoi mvuke. Na ukiipoza mpaka baridi inayoua, haigandi. Mtu ukimgandisha kwa barafu, barafu inamchana kutoka ndani. Chumvi yetu inazidi kuwa nzito tu, inamshika alivyo, inamsubirisha.

Kwa nini haigandi? Hapo ndipo kilima kidogo kinapoingia. Chumvi ni chembe zenye chaji, chanya na hasi. Chanya kumshika hasi hakuna ajabu, ndivyo dunia ilivyo, na hicho ndicho kilima kikubwa. Lakini mafundi waliobuni chumvi hii waliipa kila chembe ya chaji chanya mkia, na kwenye ncha ya mkia wakaweka oksijeni na haidrojeni. Chanya na chanya hufukuzana, mtoto wa shule anajua. Basi hawa wanafukuzana, na huku wanafukuzana, haidrojeni ya huyu inaegemea oksijeni ya yule. Baridi ikizidi wanazidi kushikana, wawili wawili, watatu watatu, mpaka duara. Na wakishikana hivyo ovyo ovyo hawawezi kupanga mistari, na bila mistari hakuna fuwele. Kilima kidogo ni idadi ya hao wanaoshikana ilhali hawakupaswa kushikana. Kikilala, fuwele zinaanza. Fuwele zikianza, mtu wangu amekwisha.

Nikavaa glavu, nikapanda ngazi, nikainamia kizibo tunachochukulia sampuli. Kimiminika chetu hakina harufu. Lakini pale palinuka. Palinuka uchachu mtamu ninaoujua tangu utoto, wa pombe ya mianzi michanga iliyokatwa ncha wakati wa mvua za Machi.

"Yesu na Maria," nikasema. "Ulanzi!"

Nikashuka mbio mpaka getini. Mzee Chengula, mlinzi wetu, alikuwa amejifunika blanketi na mvua inamchapa viatu.

"Jana nani alikaa na Egidi?"

"Mtani wenu, Daktari. Yule Mngoni, Osmund Gama. Kalala nyumba ya wageni."

"Ukamwacha peke yake kwenye hodhi?"

"Sasa ningefanyaje?" Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Mgeni mwingine ningempekua mpaka soksi. Mtani nikimpekua, si nimerudisha vita?"

Kanuni za nyumba yetu ziliandikwa na watu wenye akili nyingi. Walifikiria moto, tetemeko, wizi na umeme kukatika. Mtani hawakumfikiria, kwa kuwa kwao hawana. Babu zetu Wahehe na babu zake Wangoni walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka, wakawaachia watoto wao kutukanana badala ya kuuana. Mpaka leo Mngoni akiingia jikoni kwangu anafunua chungu na kuchagua mnofu, na nikinuna, mwenye kosa ni mimi. Tukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi. Yeye ndiye anayeficha sepetu, anayejilaza kwenye shimo na kukataa kutoka mpaka akombolewe, na watu wanacheka huku machozi yanawatiririka. Sijui watu wengine wanazikana vipi bila mtani.

Nilimkuta Osmund jikoni kwa wageni, anachoma mahindi.

"Kamwene, mnyalukolo!" akanisalimia kwa Kihehe, kwa sauti kubwa. "Magodoro yenu yana viroboto wa Kihehe. Wanauma kwa hasira."

"Jana umefanya nini kwa Egidi?"

"Nimemnywesha, nimefanya nini! Kila mwaka ulanzi wa kwanza tunakunywa kopo moja, mimi na yeye. Nyinyi mmemlaza kwenye chumvi kama ng'onda, hata kumuuliza kama ana kiu hamumuulizi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi gani nini?"

"Osmund! Ulimwaga kiasi gani?"

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. "Kopo. Kopo moja, Fausta. Katika lipipa lote lile, kopo moja ni kitu?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kupayuka, lakini alielewa. Maji ni madogo, hayana chaji, yana mikono ya kutoa na ya kupokea. Yakipenya katikati ya wawili walioshikana, huyu yanampa mkono, na yule yanampa mkono, na wale wawili wanaachana. Hapo hapo vumbi la chachu lililomo kwenye ulanzi linakuwa mbegu, fuwele ya kwanza inakaa juu yake, ya pili inafuata. Kuchuja? Chachu ingetoka, maji yangebaki. Kuyakausha maji? Inatakiwa tupashe moto na kufyonza hewa, na huwezi kupasha moto hodhi yenye mtu. Kugawa kimiminika kile kwenye hodhi zote ili kila mmoja abebe kidogo? Nilishapiga hesabu nikiwa ngazini. Vilima vyote arobaini vingeshuka chini ya mstari wa usalama.

Osmund alishika hindi lake mpaka likapoa.

"Kwa hiyo nimemuua," akasema.

"Ndiyo."

"Mtani..."

"Usiniite mtani. Kuanzia leo mimi na wewe hatuna utani."

Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akisema maneno hayo. Osmund ni jitu la miraba minne, na aliyapokea kama kofi. Akafungua mdomo, nadhani alitafuta mzaha, maana kila kitu kwake kinaanza na mzaha, na safari hii hakuupata.

"Usiseme hivyo, Fausta."

"Nimeshasema," nikajibu, nikatoka mvuani.

*

Wifi yangu Zitta alifika kutoka Mafinga adhuhuri, kitenge kichwani kimelowa chepechepe. Ni mwalimu, anasahihisha hata watu wanapomsalimia. Siku hiyo hakusahihisha kitu. Alinisikiliza amesimama, mkono ameuweka kwenye ubavu wa hodhi ya mumewe, pale alipofunga kitenge chao cha harusi. Ndivyo wanavyofanya ndugu hapa, kila hodhi ina kitambaa chake, ukipita kwenye ujia utadhani watu wameanika nguo.

"Chumvi nyingine ya kubadilishia hamna?"

"Mapipa ya akiba tuliwajazia wagonjwa wapya wa Januari. Mengine yapo kiwandani, hayajakaushwa. Hayatawahi."

"Ukimtoa sasa hivi?"

"Ataamka. Mapafu ni yale yale aliyoingia nayo."

Alijua maana yake. Egidi aliingia humo akiwa amebakiwa na siku za kuhesabu, na siku hizo bado zilikuwa zake, zimewekwa tu.

Zitta akakaza fundo la kitenge. Kisha macho yake yakahama taratibu, yakavuka ujia, yakatua kwenye hodhi ya jirani. Hodhi ile haikuwa na kitambaa.

Nilijua atafika pale. Mimi nilikuwa nimeshafika asubuhi, kabla hata sijashuka ngazi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Lutengano Mlowe. Dereva wa malori ya mbao. Alikutwa amezimia ndani ya lori barabarani, akaletwa hapa."

"Chumvi yake ni sawa na ya Egidi?"

"Ni ya mchanganyiko ule ule. Waliingia wiki moja."

"Na kilima chake?"

"Kimesimama."

"Nani huja kumwona?"

Nikageukia mashine.

"Wifi, nakuuliza. Nani huja kumwona?"

"Hakuna."

Akanisogelea mpaka nikasikia joto la pumzi yake. "Mimi nina watoto watatu. Yule mdogo anamjua baba yake kwa kitenge hiki, akija anakibusu. Huyu hana wa kumlilia. Pampu unayo. Funguo unazo. Unangoja nani akuruhusu?"

Na kweli sikuwa na wa kumngoja. Mkuu wa nyumba alikuwa safarini ng'ambo, na nilipompigia alisema maneno machache: wewe ndiye uliye hapo, amua. Maneno mazuri sana kwa mtu aliye mbali.

"Zitta, nikihamisha, huyu anabaki kwenye ulanzi. Anakufa yeye."

"Si unaweza kumwamsha?"

"Afe akiwa macho, peke yake, katikati ya watu asiowajua?"

"Wewe utakaa naye," akasema, na hapo sauti ikamkatika. "Nitakaa naye mimi! Nitamshika mkono mpaka mwisho, nakuapia. Lakini nirudishie mume wangu."

Nisikufiche, nilitaka. Egidi nilimbeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe, na mama alipofariki alinikabidhi yeye, si shamba wala nyumba. Kumtazama akichanwa na fuwele ndani ya hodhi ninayoitunza kwa mikono yangu ni jambo ambalo sikuwa na pa kuliweka. Na yule wa jirani alikuwa uso tu nyuma ya kioo, ndevu, kovu juu ya nyusi.

"Ngoja nilete mipira," nikasema.

*

Pampu yetu ni ndogo, inasukumwa kwa magurudumu. Ina mipira miwili mizito na kiungio cha shaba cha kuukazia ule wa pili kwenye hodhi, na kiungio hicho ni kimoja tu jengo zima. Nilifunga mpira wa kwanza kwa Egidi. Nikageuka kuchukua kiungio nifunge mpira wa pili kwa Lutengano, nikakikosa.

Osmund alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye hodhi ya Lutengano, miguu imeziba ujia. Kiungio kiko mapajani mwake. Na juu ya kichwa chake, kwenye mkono wa hodhi, lilining'inia koti lake la mvua, limefungwa fundo.

"Lete hicho," nikasema.

"Sileti."

"Osmund, leo si siku ya mizaha."

"Mimi nimesema nafanya mzaha?" Macho yalikuwa mekundu. "Huyu ni Mlowe. Mlowe ni Mbena. Wabena tulipigana nao kabla yenu, wakatukimbiza, tukawakimbiza. Huyu ni mtani wangu. Mnasema hana mtu, anaye. Nguo yangu hiyo hapo."

Zitta akamrukia. Kweli kabisa, mwalimu mzima, alimshika kola akamtikisa. "Wewe ndiye uliyemuua! Kopo lako! Sasa unakuja kumzuia na wa kumwokoa?"

"Ndiyo, shemeji," akasema bila kujitetea. "Ni mimi. Nimeua rafiki yangu. Mkinisaidia kuua na huyu, nitakuwa nimeua wawili, na wa pili nimemuua kwa makusudi."

"Toa kiungio," nikasema tena, lakini sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Mtani akishika kitu msibani hatoi mpaka akombolewe. Unajua."

"Nilishakuambia hatuna utani."

"Wewe umekata. Mimi sijakata. Hiki ninacho, na bei yangu ni moja." Akakibana kiungio kifuani. "Mwamsheni Egidi mumuulize. Akisema anataka chumvi ya huyu, mimi mwenyewe nitakaza kiungio kwa mikono hii. Ila aseme yeye. Tangu asubuhi mnamgombania kama kondoo, hakuna aliyemuuliza."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi mengi tayari, ya utani na yasiyo ya utani. Yote yakanigeuka mdomoni, kwa sababu alisema kweli. Mtu kuamshwa na kulazwa tena siku ile ile inawezekana, tumewahi kufanya. Nilikuwa sijafikiria kumwamsha, na nikijiuliza kwa nini, ni kwa kuwa nilijua mdogo wangu atasema nini.

Zitta naye alijua. Aliiachia kola ya Osmund, akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso.

*

Kumwamsha mtu si jambo la haraka. Unampandisha joto taratibu, unamwinua kwa machela, na chumvi inamtoka mwilini nzito, inavutika kama asali. Kisha moyo unashtuliwa. Kisha unangoja, na kungoja huko mimi sijakuzoea hata leo.

Egidi alikohoa. Kikohozi kile kile, cha bati linalokwaruzwa. Akafumbua jicho moja, na katika watu watatu waliomwinamia akamchagua Osmund.

"Mngoni," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe nikuzike."

"Mbona unalia?"

"Moshi wa mahindi."

Egidi akamgeukia mkewe, wakatazamana muda mrefu. Nikatazama pembeni. Kisha nikamweleza yote, ulanzi, kilima, hodhi ya jirani. Nilimweleza kama ninavyoandika ripoti, nisije nikalia katikati. Zitta alikuwa amemshika mkono wake wa kushoto, anauminya kila nilipotaja hodhi ya pili, kana kwamba anamsaidia kujibu.

"Anaitwa nani?" akauliza Egidi.

"Lutengano."

"Ana watoto?"

"Hatujui."

"Mke?"

"Hatujui, Egidi. Hakuna aliyekuja."

"Basi, dada, msiseme hana. Semeni hamjui." Akapumzika, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. "Mimi nikiwa na lori Tunduma huko, nikianguka, mngejua leo? Mngejua baada ya mwaka. Mngekuja mkakuta nini?"

"Egidi, watoto," akasema Zitta.

"Waleteni. Waje wanione nikiwa macho." Akamvuta karibu. "Zitta, nisikilize. Dawa ikipatikana nitoke humo, nitawaambia nini? Kwamba baba yenu mzima, ila amekaa kwenye chumvi ya mtu? Nitawaangaliaje?"

"Utawaangalia ukiwa hai!" akalia Zitta. "Utawaangalia tu, mimi sijali vipi!"

Zitta hakungoja ajibiwe. Alilia mpaka akaishiwa, kichwa kwenye bega lake lililojaa chumvi, kisha akainuka akiwa na mabaka meupe shavuni na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe maji ya moto na kitambaa. Siwezi kumwacha mume wangu ananata hivi."

Nikaleta beseni. Akamuosha uso, shingo, nyuma ya masikio, taratibu. Chumvi ikayeyuka na kwenda na maji, bila ubishi wowote.

"Osmund," Egidi akaita, macho ameyafumba. "Ulanzi wenyewe uliisha wote?"

"Umebaki kidogo kwenye dumu."

"Ulikuwa mzuri?"

"Mchachu. Wa Kihehe."

"Lete."

Nilifungua mdomo nikataze, ndiyo kazi yangu, kukataza. Kisha nikaona ujinga wa kukataza. Wakanywa kopo moja, yeye kwanza, mwenzake baadaye.

*

Watoto walimkuta macho. Yule mdogo alikataa kumsogelea siku ya kwanza, akakibusu kitenge kwenye hodhi tupu kama alivyozoea, na Egidi akacheka mpaka tukaogopa. Siku ya pili alilala kwapani mwake. Zaidi ya hapo sitaki kusimulia. Mdogo wangu alifariki mchana, jua limetoka baada ya mvua, na Zitta alikuwa anamsomea barua za wanafunzi wake.

Tulimzika Mafinga, nyuma ya kanisa. Osmund alichimba. Alichimba peke yake, akawafukuza wote waliotaka kumsaidia, na alipomaliza, mvua ilikuwa imerudi na shimo lina maji ya matope miguuni. Tulipofika na jeneza akawa amejilaza chini, chali, mikono kifuani, macho kafumba.

Watu wakacheka. Ndiyo kawaida. Wazee wakamrushia maneno, "Toka, Mngoni, hapo si kwako!" Mmoja akamtupia sigara, kuku wa kukombolea akalia kwapani mwa mwingine. Osmund hakufungua macho. Mtani hujibu, hutukana, hupandisha bei. Huyu alikaa kimya. Kicheko kikapungua, kikaisha, tukabaki tunasikia mvua inavyopiga kwenye mbao za jeneza. Maji yalikuwa yamemfika masikioni.

Ndipo wote tulipoelewa kwamba hakuwa anacheza. Hakuwa na nguvu ya kutoka.

Zitta aliniangalia. Watu wote wakaniangalia, maana habari zilikuwa zimeshaenea. Walijua nilichosema jikoni kwa wageni, na walijua kwamba mtu aliyekatiwa utani hawezi kukombolewa na mwingine yeyote, mpaka yule aliyekata.

Nilikuwa na hasira. Ninayo hata sasa ninapoeleza, na sidhani itaisha. Jumapili Osmund huja kutoka Songea, Mzee Chengula anampekua mpaka soksi, na yeye anaenda kuketi mbele ya hodhi ya Lutengano kumweleza habari za dunia na kumtukana ukoo wote wa Wabena. Mimi nasimama nyuma ya mashine na kuangalia kilima kidogo, kimesimama, na hasira yangu imesimama pale pale. Nampikia ugali nikiwa nayo.

Lakini siku ile, pale juu ya shimo, nilivua viatu. Nikampa Zitta mkoba wangu. Nikateremka kwenye kaburi la mdogo wangu kwa makalio, gauni jeusi likajaa tope mpaka kiunoni, nikasimama juu ya jitu lile lililolala ndani ya maji. Nikamnyooshea mkono.

"Inuka, Mngoni," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kaburi la mwenzako hilo. Lako nitachimba mwenyewe, na nitalichimba fupi, miguu ibaki nje."

Akafumbua macho. Akautafuta mzaha, akaupata.

"Kwa mikono hiyo ya daktari? Nitaoza nangoja."

Na akanishika.